Kabla hujanunua kiyoyozi cha bedsita yako, mjue Willis Carrier

Wewe unayelala dirisha wazi Kisauni, Likoni ama Mtwapa, shuka limekushika mgongoni kama stika, hii ni yako. Najua umeshaanza kupiga hesabu. Umeona kwenye simu mashine ya kupuliza baridi, bei imekatwa, inaletwa hadi mlangoni, haitaki fundi wala ruhusa ya mwenye nyumba. Umebakisha kidole tu kibonyeze. Ngoja kwanza. Nataka nikusimulie habari za mtu aliyefariki mwaka 1950, ambaye kama ningemjua mapema ningeokoa shilingi 13,000.

Anaitwa Willis Carrier. Huenda jina lake umelipita mara nyingi bila kujua, maana limeandikwa kwenye viyoyozi vya mabenki na mahoteli. Wengi hudhani ni jina la kampuni tu. Kumbe alikuwa mtu, tena mtoto wa shamba.

Alizaliwa Novemba 26, 1876, mahali paitwapo Angola. Usikimbie kufungua ramani ya Afrika. Hii Angola ni kijiji cha jimbo la New York, Marekani, karibu na ziwa Erie. Alikuwa mtoto wa pekee, akakua katikati ya watu wazima. Mama yake, Elizabeth, alikuwa na mikono ya ufundi, saa ya mezani ikigoma anaifungua na kuitengeneza mwenyewe. Willis aliposhindwa kuelewa sehemu katika hesabu, zile nusu na robo na thumni zinazotutesa wengi, mama alimtuma alete matofaa, akayakata vipande mbele yake, wakaanza kujumlisha na kutoa vipande hivyo. Baadaye Carrier alisema hilo ndilo somo kubwa kuliko yote aliyowahi kupata, kwamba tatizo likikushinda, likate hadi libaki kipande unachoweza kukishika. Mama huyo alifariki Willis akiwa na miaka 11.

Pesa za chuo hazikuwepo. Baada ya shule ya upili alifundisha watoto kwa muda, kisha akashindania nafasi ya ufadhili Chuo Kikuu cha Cornell na kuipata. Hata hivyo ufadhili haukulipa chakula wala kitanda. Alikata nyasi, akachochea moto kwenye tanuri za kupashia nyumba joto, akawa wakala wa kufulia wanafunzi nguo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kwa hivyo sehemu hii ya maisha yake huwa naisoma polepole. Alimaliza mwaka 1901, akaajiriwa na kampuni ya Buffalo Forge iliyotengeneza feni na mitambo ya kupasha joto. Mshahara, dola 10 kwa wiki.

Sasa fikia mwaka 1902, kwa sababu hapa ndipo stori yake inapoingia chumbani mwako.

Kulikuwa na kiwanda cha uchapishaji Brooklyn, Sackett & Wilhelms. Wakati huo picha ya rangi ilichapishwa rangi moja moja. Karatasi inapita na rangi ya kwanza, inarudi kwa ya pili, inarudi tena. Majira ya joto yalipofika, hewa ilijaa unyevu, karatasi ikanyonya maji na kutanuka. Ikirudi kwa rangi ya pili, si saizi ile ya jana. Nyekundu inakaa kando ya mahali pake, picha inaharibika, karatasi zinatupwa. Kampuni ikaomba msaada, na kazi ikaangukia kijana wa miaka 25 aliyekuwa na mwaka mmoja tu kazini.

Angalia alichoombwa. Hakuna aliyelia joto. Wafanyakazi walikuwa wanatokwa jasho vizuri tu na hilo halikuwa tatizo la mtu yeyote mwenye pesa. Walitaka unyevu wa hewa ukae pamoja mwaka mzima, asilimia 55. Yaani kiyoyozi cha kwanza cha kisasa kilitengenezwa kwa ajili ya karatasi. Binadamu alikuja kufikiriwa baadaye, na mimi kila nikikumbuka hilo nacheka kidogo, maana hata leo kwenye ofisi nyingi chumba cha kompyuta kina baridi na walinzi wako juani.

Carrier alifanya nini? Michoro yake ina tarehe ya Julai 17, 1902. Alipitisha hewa kwenye mabomba yaliyojaa kitu baridi, mwanzoni maji ya kisima, baadaye yakisaidiwa na mashine ya kugandisha ya amonia. Unajua chupa ya soda ikitoka kwenye friji inavyotokwa jasho mezani? Hilo jasho halitoki ndani ya chupa, ni maji yaliyokuwa hewani. Hewa ikigusa kitu baridi inashindwa kuyabeba, inayaachilia. Carrier aliifanya hewa yote ya kiwanda iguse chupa ya soda, tuseme hivyo, ikatoka upande wa pili ikiwa kavu na baridi. Mtambo ulipangwa ufanye kazi sawa na kuyeyusha kilo 49,000 hivi za barafu kila siku.

Kwa hivyo mambo mawili yalitokea pamoja, joto likashuka na maji yakatoka. Hilo la pili ndilo ambalo hakuna mtu aliniambia dukani.

Ngoja nikupeleke stesheni. Mwishoni mwa 1902 Carrier alikuwa Pittsburgh usiku akisubiri treni, ukungu umetanda hata taa hazionekani vizuri. Wengine waliukasirikia. Yeye alianza kuufikiria. Ukungu ni hewa iliyoshiba maji hadi haiwezi kuongeza tone, na bado, kwa sababu ilikuwa usiku wa baridi, maji yenyewe yalikuwa machache. Hewa baridi ina tumbo dogo, inashiba upesi. Basi, akawaza, ukiweza kutengeneza ukungu wako mwenyewe na kuamua uwe baridi kiasi gani, umeamua hewa ibaki na maji kiasi gani. Ukiupasha joto kidogo baadaye, una hewa kavu ya kipimo unachotaka. Treni ilipofika alikuwa ameshapata jibu. Akabuni mtambo wa kunyunyizia hewa maji baridi kama manyunyu, akapewa hataza yake Januari 2, 1906.

Sijakosea kuandika. Alikausha hewa kwa kuinyunyizia maji.

Na hapa ndipo mimi nilipoibiwa, au tuseme nilijiibia. Februari moja, Kaskazi imelala, hakuna hata jani linalotikisika, nilinunua lile boksi la plastiki lenye tangi la maji na feni nyuma yake. Muuzaji aliliita AC. Unaweka maji, unatia barafu ukitaka, linapuliza. Nusu saa ya kwanza nilijiona mfalme. Usiku wa tatu mto ulikuwa na unyevu kama umeanuliwa kabla ya wakati, na baada ya wiki mbili ukuta wa nyuma ya kabati ulianza kuota ukungu ule mwingine, wa kijivu, wenye harufu. Nikirudi dukani naambiwa nifungue dirisha. Nikifungua dirisha, Mombasa yote inaingia.

Tofauti iko kwenye maji. Manyunyu ya Carrier yalikuwa baridi kuliko hewa, baridi kiasi cha kuifanya itoe jasho. Maji ya boksi langu yalikuwa ya bomba, yana joto la chumba. Hayo hayatoi maji hewani, yanayaongeza. Yanapoza kwa kukauka, kama mtungi wa nyanya unavyopoza maji ya kunywa, ama jasho lako upepo ukikupiga. Ni ujanja mzuri sana pale hewa ikiwa na njaa ya maji. Mwambao wetu hewa imeshashiba.

Carrier aliyaweka haya yote kwenye hesabu. Desemba 1911 aliwasilisha fomula zake mbele ya chama cha wahandisi wa Marekani, na wahandisi wa viyoyozi bado wanatumia chati iliyotokana na kazi hiyo. Ndani yake kuna kipimo kimoja rahisi ajabu. Chukua kipimajoto, kivishe kitambaa chenye maji, kipepee. Kitashuka hadi mahali fulani kisimame. Hapo pa kusimama ndipo mwisho wa baridi unayoweza kupata kwa boksi la maji; halitapita hapo hata ulisemeshe vipi. Mombasa ikiwa nyuzi 32 na unyevu asilimia 70, kipimajoto chenye kitambaa kinasimama karibu 27. Na boksi lenyewe halifiki huko, linakuacha na 28 ama 29 na hewa ya kuogea. Lodwar ikiwa nyuzi 35 na unyevu asilimia 30, kinashuka hadi 22 hivi. Huko mashine ileile ni neema.

Huna kipimajoto? Lowesha leso, ikamue, ishike mbele ya feni dakika tano. Ikiwa baridi kabisa ya kukushtua, boksi la maji litakufaa. Ikibaki vuguvugu, funga pochi. Ama fungua programu ya hali ya hewa kwenye simu uangalie asilimia ya unyevu saa mbili usiku, wakati wewe unahitaji kulala. Ikizidi 60, mimi singethubutu.

Nikiwa hapo kwa leso, kuna kisa husimuliwa kwamba Carrier alikuwa msahaulifu kupindukia, kichwa kimejaa hesabu. Siku moja alisafiri kikazi na sanduku kubwa, akalifungua hotelini, ndani mna leso moja tu.

Maisha hayakumlainishia. Mke wake wa kwanza, Edith, alifariki 1912. Mwaka 1914 Buffalo Forge iliamua kujirudisha kwenye kutengeneza mitambo tu, hii biashara ya kusanifu hewa ikaonekana mzigo. Fikiria, una ujuzi ambao watu wachache duniani wanao na mwajiri anakuambia hauhitajiki. Carrier na wenzake sita wakachanga dola 32,600 na kuanzisha kampuni yao mwaka 1915, Ulaya ikiwa vitani. Wateja wao walikuwa viwanda vya nguo, vya tumbaku, vya filamu, vya peremende. Bado ni bidhaa zilizopozwa.

Mwaka 1922 alitoa mashine mpya ya kupoza, ndogo na salama kuliko zile za amonia ambazo zikivuja zinaweza kuua. Hiyo ndiyo iliyofungua milango ya watu. Kumbi za sinema zilikuwa zinakufa kila majira ya joto; nani ataingia kwenye giza lenye fukuto na watu elfu? Ukumbi wa Rivoli, New York, ukakubali kujaribu. Inasimuliwa kwamba ofisa wa usalama wa jiji alikataa kemikali mpya ya kupozea, basi Carrier akaimimina kwenye chombo ofisini kwake na kuitupia kiberiti kilichowashwa. Iliwaka polepole, haikulipuka. Ofisa alikasirika sana, lakini kibali kilipatikana.

Siku ya kufungua ilikuwa mwishoni mwa Mei 1925. Watu walijaa, wengi wamekuja na vipepeo vyao kwa tahadhari. Mtambo ulichelewa kuwashwa, ukumbi ulikuwa moto, na huko juu roshani ameketi Adolph Zukor, mkubwa wa Paramount, kuona kama pesa zimepotea. Carrier na timu yake walisimama nyuma wakitazama vipepeo mia kwa mia vikienda huku na huku. Halafu kimoja kikatua mapajani. Kingine. Baada ya muda ukumbi mzima ulikuwa umetulia. Zukor alishuka akiwa ameridhika, na ndani ya miaka mitano Carrier aliweka mitambo katika kumbi kama 300.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio, hadi Bunge la Marekani likapozwa kuanzia 1928. Mwaka huohuo kampuni ilitoa mashine ya nyumbani, na hapo ukuta ukamrudi. Ilikuwa ghali, kisha uchumi wa dunia ukaanguka 1929, na nyumba za kawaida zikaendelea na feni. Carrier alifariki New York Oktoba 7, 1950. Kipindi ambacho familia za kawaida za Marekani zilinunua viyoyozi vya dirishani kwa mamilioni kilikuja baada yake. Aliwapoza wabunge na chokoleti; mpangaji hakumfikia.

Kwa hivyo turudi kwako mpangaji. Kiyoyozi cha ukutani, chenye sanduku la ndani na lingine la nje, kinataka fundi, kinataka ukuta utobolewe, na dipoziti yako iko mkononi mwa mwenye nyumba. Kile cha dirishani hakiingii kwenye grili zetu. Kilichobaki ni cha magurudumu chenye bomba. Hicho ni AC ya kweli, ndugu wa mtambo wa Brooklyn. Ukiona mashine isiyo na bomba la kutoa hewa nje, inayotaka umwagie maji, hata iandikwe nini kwenye boksi, hiyo si AC. Joto haliangamizwi, linahamishwa tu, na lazima liwe na pa kutokea.

Kabla ya kulipa, pima dirisha. Bomba lina upana wa sentimita 13 hadi 15 hivi. Je, linapita kati ya vyuma vya grili? Kile kibao kinachokuja na mashine kimetengenezwa kwa madirisha ya kusukuma, na kama lako ni la kufungua nje utahitaji plaiwudi iliyokatwa saizi na sponji ya kuziba pembeni. Ukiacha wazi utakuwa unapoza barabara. Jua pia kwamba mashine ya bomba moja inatoa hewa ya chumba nje, kwa hivyo hewa ya moto inaingia chini ya mlango kufidia. Ziba hapo kwa kitambaa kiasi, na usidanganywe na namba kubwa ya BTU. Chukulia utapata pungufu. Chumba cha mita 3 kwa 3.5, mashine ya BTU 9,000 inatosha wengi, ukiwa chini ya mabati panda kidogo. BTU 9,000 ni sawa na kuyeyusha kilo 680 za barafu kwa siku, hapo ndipo utaelewa kwa nini inakula stima.

Inakula kweli. Tuseme inavuta wati 1,000 na unailaza saa nane. Hizo ni uniti 8. Ukichukulia uniti ni shilingi 28 pamoja na makodi, ni shilingi 224 kwa usiku, kama 6,700 kwa mwezi ikifanya kazi bila kupumzika. Feni ya wati 50 kwa saa hizohizo ni kama shilingi 11. Kama mita ni ya ploti nzima, ongea na mwenye nyumba mapema, usingoje jirani akuchongee. Na kwa kuwa tunazungumzia jirani, angalia bomba lako linapulizia dirisha la nani. Usiichomeke pia kwenye ekstensheni ile nyembamba ya kuchajia simu. Iende moja kwa moja ukutani.

Binafsi, kama una pesa za mashine lakini si za tokeni, ningenunua feni nzuri na kuweka pazia zito upande wa jua la alasiri. Kama unafanya kazi usiku na kulala mchana, ama una mtoto mchanga anayetoka vipele vya joto, nenda kwa ile ya bomba, uitumie saa tatu chumba kikauke, kisha uachie feni. Utashangaa na maji utakayomwaga. Kwa hewa ya Mombasa usitegemee mashine iyamalize yenyewe. Weka ndoo ama mpira wa kuyatoa, na yachungulie kabla ya kuyamwaga, ni yale uliyokuwa unalala ndani yake.

Mimi bado niko na feni. Lile boksi nililipakia kwenye basi likaenda kwa binamu yangu Lodwar, na mwezi uliopita alinitumia picha usiku wa manane, amejifunika shuka hadi kidevuni.